Mapengo Tisa

Kiraka hakikujua kusema "sijui." Hilo ndilo lililokipa jina, na ndilo lililomfanya Sekela Mwakalinga, aliyekibuni, apigiwe makofi na ukumbi mzima kule Dodoma miaka miwili nyuma, akiwa amevaa gauni la kuazima na viatu vilivyombana vidole. Visimbuzi vyote vya kabla yake, mashine za kufumbua jumbe zitokazo angani, vilikuwa na adabu ya kushindwa. Ujumbe kutoka angani ukifika umeharibika mno, viliandika IMESHINDIKANA, na watu wakangoja mtumaji arudie. Kiraka hakikungoja mtu. Ukikipa ujumbe ulioliwa nusu na kelele za Jua, kilikurudishia ujumbe mzima, umenyooka kama shati lililopigwa pasi, na kazi hiyo kiliimaliza kabla hujapiga chafya ya pili. Kwa kasi hiyo dishi moja la kituo cha Kipengere likaanza kusikiliza vituo kumi na vinne badala ya vinne, na wakubwa walifurahi kupita kiasi.

Jumatano hiyo Sekela aliingia chumba cha usikizi saa mbili kasoro robo asubuhi, mikono kwapani kwa baridi. Nje ukungu ulikuwa umekalia mashamba ya viazi, na dishi lenyewe lilionekana miguu tu. Mzee Luvanda, mpokezi wa zamani kuliko wote pale kituoni, alikuwa ameshafika. Alikuwa ameivuta hita ndogo mpaka kwenye magoti yake kana kwamba ni mali aliyoachiwa na babake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti. Kalamu unayo?"

Sekela alicheka kidogo akaketi. Kipengere kulikuwa na desturi iitwayo kusomeana. Ilianza enzi za visimbuzi vya zamani, jumbe zilipokuwa zikifika na matundu: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika, na msomaji akifika mahali ambapo neno limepotea, anagonga meza kwa kifundo cha kidole. Kugonga huko ndiko kulikoitwa pengo. Tangu Kiraka kianze kazi, hakuna aliyegonga meza tena. Vijana waliacha kusomeana kwa kuona ni kupoteza muda. Mzee Luvanda hakuacha, na kwa kuwa alibakiza miezi mitano astaafu, walimwacha na desturi yake.

"Magadi kwa Kipengere," alisoma mzee, miwani puani. "Hewa sawa. Maji sawa. Uchimbaji, tani arobaini na mbili. Watu wote sitini na wanane wazima. Mwisho."

Sekela aliandika. Magadi ilikuwa kambi ya wachimbaji kwenye Seresi, kile kisayari kidogo kinachozunguka kati ya Mirihi na Mshtarii. Watu sitini na wanane waliishi humo ndani ya nyumba tano zilizofukiwa chini ya barafu na magadi meupe, na mpokezi wao aliitwa Obadia Kihwele, ambaye hakuna mtu Kipengere aliyewahi kumwona uso lakini wote walimjua tabia.

Mzee Luvanda hakuigeuza karatasi. "Mwanangu, Obadia anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Hajalalamika."

"Mzee na wewe!"

"Sikiliza. Miaka kumi na moja nampokea mtu yule. Hajawahi kufunga taarifa bila manung'uniko. Maharage magumu, soksi hazikauki, jirani yake anakoroma mpaka bomba linatetemeka. Juzi nilisema labda amechoka. Jana nikasema amepata mchumba. Leo ni siku ya nne. Obadia mzima hawezi kunyamaza siku nne."

Sekela alikuwa anacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Kuna jambo alilijua yeye peke yake pale kituoni, na alikuwa hajalikumbuka kwa muda mrefu.

Kiraka kilifundishwa. Alikilisha taarifa za miaka tisa kutoka vituo vyote, kikajifunza vituo husema nini na kwa mpangilio gani. Kabla ya kukilisha alizisafisha taarifa hizo, wiki tatu nzima, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele wa harusi. Alitoa ajali, kwa sababu zilikuwa chache na zilikivuruga. Alitoa mazoezi ya dharura. Alitoa porojo, na porojo nyingi zilikuwa za Obadia. Alipomaliza, taarifa zilikuwa safi, na ulimwengu ambao Kiraka kiliujua ulikuwa ulimwengu ambao hakuna kitu kimewahi kuharibika.

"Nipishe hapo, mzee," alisema.

*

Ujumbe unaotoka mbali hautumwi mtupu. Kila kipande hufungwa pamoja na biti za ziada, zile sifuri na moja, zilizokokotolewa kutoka humo humo, ili chache zikiharibika njiani, zilizobaki zitoe ushahidi wa zilizoharibika. Ushahidi huo una kikomo. Kwa msimbo uliotumiwa na Magadi, kipande cha biti elfu mbili kiliweza kuponywa ikiwa zilizoharibika hazizidi mia moja na ishirini. Zikizidi hapo hesabu inakwama, na kisimbuzi cha kweli husema kimekwama.

Kiraka kilipofika kwenye kikomo hicho hakikusimama. Kilijiuliza swali lingine: kati ya mambo yote ambayo Magadi huwa inasema, lipi linafanana zaidi na huu mchafuko? Kisha kikalisema hilo. Siku za anga tulivu swali hilo halikuhitajika, na manung'uniko ya Obadia yalipita salama. Lakini wiki hii Seresi ilikuwa inajongea nyuma ya Jua. Keshokutwa ingepotea kabisa kwa wiki tatu, na tayari kelele za Jua zilikuwa zinafunika mawimbi kama mashine ya kusaga inavyofunika mazungumzo.

Sekela alifungua kumbukumbu ya asubuhi na kutazama biti ambazo Kiraka kilizigeuza. Mia tatu tisini na moja. Akatazama ya jana. Mia nne na nne.

"Hizi si taarifa," alisema polepole. "Kiraka kimezitunga."

"Kimetunga?" Mzee Luvanda alivua miwani. "Mashine yako inatunga?"

"Mashine yangu, ndiyo. Usiniseme sasa hivi, mzee, nitajisema mwenyewe baadaye."

Akaita mawimbi ghafi ya siku zote nne, yale yaliyopokelewa na dishi kabla ya Kiraka kuyagusa. Yalikuwa kumi na moja. Kiraka kilikuwa kimeyafanya taarifa kumi na moja tofauti: tani arobaini na mbili, tani thelathini na tisa, maji sawa, hewa sawa. Akachukua mawili akayalaza moja juu ya jingine kwenye kioo. Kelele haziwezi kufanana mara mbili, na kweli hazikufanana. Chini ya kelele, biti kwa biti, kulikuwa na ulingano usiowezekana kwa bahati. Akaongeza la tatu, la nne, la tano.

Magadi haikuwa imetuma taarifa kumi na moja. Ilikuwa imetuma ujumbe mmoja mara kumi na moja.

Mzee Luvanda alikuwa anatazama kutoka nyuma ya bega la Sekela. Hakuhitaji kuelezwa, kwa kuwa alianza kazi siku ambazo kurudia ndiko kulikuwa dawa. "Wanarudia bila kuombwa," alisema. "Kwa sababu sisi hatuombi tena."

Hilo nalo Sekela alilijua. Ombi la kurudia walilizima wakati Kiraka kinawekwa. Kulikuwa na haja gani kumwomba mtu arudie, wakati mashine haikosi jibu?

Aliwasha kisimbuzi cha zamani, kile cha taratibu, akakipa yote kumi na moja kwa pamoja. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akavinyang'anya vituo vingine kumi na vitatu kompyuta zote zilizokuwa zinavihudumia. Simu zikaanza kulia. Mwezini walikuwa wanauliza kimekwenda wapi kipindi chao cha mpira. Mzee Luvanda akawa anazipokea moja moja, na kila aliyepiga alimjibu kwa upole ule ule wa kuudhi: subirini, kuna kazi. Saa nne Sekela alituma ombi la kurudia huko Magadi, la kwanza baada ya miaka miwili. Saa tano na dakika chache wimbi la kumi na mbili likafika, bovu kuliko yote, akalitupia humo humo.

*

Dokta Yustina Ngajilo, mkurugenzi wa kituo, alifika saa nane kasoro robo akitoka Njombe mjini, matope hadi kwenye pindo la koti. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyempeleka Sekela Dodoma, na gauni la kuazima lilikuwa lake.

"Injinia Sekela. Vituo kumi na vitatu viko gizani. Nieleze."

"Tusomeane kwanza, Dokta. Mzee, soma."

Kisimbuzi cha zamani kilikuwa kimemaliza dakika kumi zilizopita. Mzee Luvanda alishika karatasi kwa mikono miwili. Alianza kwa kugonga meza.

"Pengo. Nyumba ya, pengo, inavuja tangu, pengo. Tumefunga mlango wa, pengo. Watu sitini na, pengo, wako upande wa, pengo. Hewa iliyobaki ni ya siku kumi na, pengo. Pengo, chombo chochote kilicho karibu. Tutarudia ujumbe huu mpaka, pengo."

Meza iligongwa mara tisa. Dokta Ngajilo alivuta kiti akakaa bila kuvua koti.

"Tarehe?"

"Wa kwanza ulitumwa siku nne zilizopita," alisema Sekela. "Na Nyati iko karibu. Ikigeuka leo kabla ya saa tisa alasiri, itafika Seresi kwa siku tisa. Ikipita hapo mafuta hayatoshi kurudi. Dokta, sasa hivi ni saa nane kasoro kumi, na ujumbe unachukua nusu saa kuifikia."

Nyati ilikuwa meli ya mizigo chini ya Nahodha Makame Faki, ikielekea Mirihi na vichujio vya maji kwa wakazi mia nane. Ikigeuka, wakazi hao wangekunywa kwa mgawo siku sabini. Wasingekufa, lakini wangeteseka, na watoto wangeteseka zaidi.

"Neno la kwanza limepotea," alisema Ngajilo. "Ujumbe wa mazoezi huanza na neno gani?"

"Zoezi."

"Na Magadi hufanya zoezi kila mwezi."

"Zoezi halirudiwi mara kumi na mbili, mama," aliingilia Mzee Luvanda.

"Likiachwa kwenye mtambo unaotuma wenyewe, linarudiwa mpaka mtu akumbuke kuuzima. Limeshatokea, mzee, nawe ulikuwepo." Akamgeukia Sekela. "Tuseme ni kweli. Siku kumi na ngapi? Nne zimeshapita, tisa za njiani, jumla kumi na tatu. Kama pengo ni moja au mbili, Nyati itafika kuzika, na watu mia nane watakuwa wameteseka bure. Unataka nahodha aamue kwa karatasi yenye matundu? Mimi ninayo hapa taarifa kamili, iliyotolewa na kisimbuzi kilichothibitishwa na serikali, ambacho ulikibuni wewe, inasema hewa sawa."

"Nilikibuni mimi, ndiyo maana najua kinasema uongo."

"Hukusema hivyo Dodoma."

Ilimchoma, maana ilikuwa kweli tupu. Sekela aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto, na papo hapo akaona hasira, na hasira ikashinda.

"Dodoma nilikuwa mjinga mwenye gauni zuri. Niliondoa ajali zote kwenye mafunzo kwa sababu zilinichafulia grafu. Kiraka hakijui kwamba nyumba inaweza kuvuja. Hata Obadia angepiga kelele mwaka mzima, kingeandika tani arobaini na mbili."

Ngajilo aligeuka kutazama saa. Mzee Luvanda aliitumia nafasi hiyo. Aliisogeza karatasi mbele ya Sekela, akaweka kalamu juu yake, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayebembeleza mtoto ale.

"Mwanangu, jaza. Pengo la kwanza andika DHARURA. Pale kwenye siku andika tisa. Siku kumi na tisa. Makame atageuka mara moja, hana haja ya kufikiri. Maneno tisa tu. Nani atakulaumu? Kama wako hai, umewaokoa. Kama ni zoezi, tutasema kisimbuzi kilikosea. Si kimezoea?"

Hapo Sekela alikwama kweli. Mkurugenzi akimpinga, alijua pa kusimama. Lakini huyu mzee alikuwa upande wake, na alichokiomba kilikuwa rahisi kuliko kunawa uso. Aliitazama kalamu. Sitini na wanane, kama bado walikuwa sitini na wanane. Alimwona Obadia, ambaye hakuwahi kumwona, amekaa na soksi mbichi akituma ujumbe ule ule mara ya nane, ya tisa, ya kumi, na kutoka Duniani anajibiwa kila mara: imepokelewa, kazi njema. Aliona kuwa kama angejaza maneno yale, Nyati ingegeuka kwa hakika. Kama asingejaza, nahodha angeweza kusoma matundu yale, akawafikiria watu wa Mirihi, akaendelea na safari yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Kifo cha wale wachimbaji kingebaki mikononi mwa Sekela, pamoja na usafi wake wote wa roho.

Alijua pia nani mwingine hujaza matundu kwa nia njema, haraka, bila kumwambia mtu.

"Hapana," alisema.

"Sekela—"

"Hapana, mzee. Nakuheshimu, lakini sijazi. Makame ana watu mia nane kwenye mizani. Nikimwandikia kumi na tisa, nimempimia kwa jiwe la uongo, na hatajua. Ana haki ya kujua tusichokijua. Na wewe, Dokta, sitatuma hewa sawa, wala sitakaa kimya. Natuma ulivyo. Mapengo tisa yakiwa mapengo tisa. Nitamwandikia tunavyofahamu kila moja: hili linaweza kuwa zoezi, hili linaweza kuwa moja mpaka tisa. Nitamwandikia kwamba taarifa za siku nne za Kiraka ni za kutunga, na jina langu liwe chini."

"Ukituma hivyo, kesho kila kituo kitauliza taarifa zao za miaka miwili zilikuwa za nani," alisema Ngajilo.

"Waulize."

"Nakukataza, Injinia. Nasema mbele ya shahidi. Ukibonyeza hapo, huna kazi hapa."

"Sawa. Lakini kiti hiki nitakitoka baada ya kubonyeza."

Aligeukia mtambo wa kutuma, akaandika. Alikosea mara mbili akafuta. Popote neno lilipokosekana aliandika PENGO kwa herufi kubwa. Nyuma yake alisikia mkurugenzi amenyanyua simu ya walinzi, lakini hakumsikia akiita mtu, kisha akaisikia ikirudishwa mahali pake. Saa nane na dakika nane ujumbe uliondoka.

*

Kusubiri saa nzima ni kazi chafu. Mzee Luvanda alikasirika mpaka akaacha kumsemesha, akachemsha chai ya tangawizi vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha mkurugenzi. Sekela alikaa na njaa yake. Aliona kwamba anastahili, kisha akaona kwamba hastahili, akainuka akajimiminia mwenyewe.

Saa tisa na dakika kumi na mbili wimbi la Nyati lilifika. Nyati nayo ilikuwa upande ule ule wa Jua. Kiraka, ambacho hakuna aliyekizima, kilikuwa cha kwanza kuruka na jibu kwenye kioo kikubwa:

IMEPOKELEWA. NYATI INAENDELEA NA SAFARI YA MIRIHI KAMA ILIVYOPANGWA. MAFUTA SAWA. WATU SAWA.

Mzee Luvanda alifunika uso kwa viganja. "Nilikwambia ujaze," alisema. "Nilikwambia, mtoto wewe."

Dokta Ngajilo alisimama. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo na kupigwa kofi kwa wakati mmoja. "Basi. Ameamua."

"Hajaamua," alisema Sekela.

"Imeandikwa pale."

"Imeandikwa na nani?" Alikuwa amepandwa na hasira, hakuweza tena kushusha sauti. "Meli ikiwa safarini husema nini siku zote? Inaendelea. Mara elfu moja Nyati imesema inaendelea, na mimi ndiye niliyekilisha mara zote elfu moja! Kiraka hakijawahi kusikia meli inageuka!"

Alikimbilia kisimbuzi cha zamani. Wimbi moja tu, na kelele zote zile. Kilisaga dakika sita kikaandika: IMESHINDIKANA. Sekela aliipenda ile mashine kuukuu siku hiyo kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote alichotengeneza.

"Kwa hiyo hatuna jibu," alisema Ngajilo.

"Hatuna maneno. Wimbi tunalo."

Aliufuta kwenye kioo kikubwa ujumbe wa Kiraka, akaweka mstari mmoja wa kijani. Ulikuwa wimbi tupu la Nyati, lile linalobeba ujumbe, na kutambua kama wimbi lipo ni kazi ndogo sana kuliko kusoma kilichoandikwa juu yake. Mstari ulionyesha wimbi hilo linatetema kwa kasi gani. Kila mtu anajua kwamba honi ya lori linalokuja na honi ya lori linalokwenda hazilii sawa. Meli ikiwasha injini ikabadili mwendo, wimbi lake hubadilika papo hapo, na hakuna kisimbuzi, kipya wala cha zamani, kinachoulizwa maoni.

"Mwisho wake wa kugeuka ni saa tisa kamili," alisema Sekela. "Akigeuka, tutaliona saa tisa na nusu."

Watatu wakasogeza viti. Ukungu ulikuwa umepanda, na dirishani dishi lilionekana lote, limelielekea Jua. Saa tisa na dakika ishirini na tano mstari ulikuwa umenyooka. Saa tisa na dakika ishirini na nane ulikuwa umenyooka. Mzee Luvanda alikuwa anasali kwa Kibena, midomo tu ikicheza. Saa tisa na nusu ulikuwa umenyooka. Sekela alijiambia kwamba angefanya vile vile tena, akajiuliza kama anasema kweli.

Kisha mstari ukapinda.

Kwanza kidogo, kiasi cha kufikiri macho yamechoka. Halafu ukashuka wazi, ukaendelea kushuka, mteremko mrefu usiokatika, injini zote mbili za meli ya tani elfu tisa zikipiga breki upande ule wa Jua. Mzee Luvanda alipiga ukelele, akamkumbatia Sekela mpaka kiti kikaanguka. Alilia bila kujificha, akaomba radhi, akamtukana kidogo, akaomba radhi tena.

Dokta Ngajilo alisogea karibu na kioo. Alitazama mstari ule mpaka alipokuwa na hakika nao, kisha akajifuta macho kwa pindo la koti, akauvaa tena uso wake wa ofisini.

"Sekela. Wizarani wataomba daftari la leo. Andika kwamba saa nane na dakika nane nilikuagiza utume. Itakulinda. Na mimi itanilinda, sikufichi."

Alisema kwa wema, na Sekela aliuona wema huo. Alikuwa na mama mgonjwa Tukuyu na hakuwa na kazi nyingine. Alivuta daftari, akafungua ukurasa wa Jumatano, akaandika taratibu, kwa sauti, ili wote wasikie.

"Saa nane na dakika nane. Mkurugenzi alikataza. Mwakalinga alituma."

Akatia saini, akaligeuza daftari, akalisukuma upande wa pili wa meza. Dokta Ngajilo aliusoma mstari ule mara mbili. Kisha akanyoosha mkono akaomba kalamu, atie saini yake chini ya ile ya Sekela.